Wanawake Waliohama na Kazi ya Mikono Yao
(Mazungumzo kwa wakazi wa Birongo)



Mtoto akienda ng'ambo akakaa, watu husema amepotea. Magdalene Odundo aliondoka Kenya mwaka 1971 kwenda Uingereza. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, na alipoondoka hakuwa mfinyanzi; alikuwa amesomea uchoraji. Udongo aliukuta ugenini. Mwaka 1974 akaenda Abuja, Nigeria, na huko wafinyanzi kama Ladi Kwali wakamwonyesha jinsi ya kuinua chungu kwa mikono bila gurudumu. Hebu fikirini: alizunguka Uingereza na Nigeria kujifunza kazi ambayo akina mama Wajaluo, majirani wa Wakisii, wameifanya miaka na miaka.

Vyungu vyake si vya kupikia. Vina shingo, mabega na tumbo kama mwanamke aliyesimama. Huvisugua kwa subira mpaka ving'ae, kisha huvichoma. Vikipata hewa ya kutosha hutoka vyekundu; vikinyimwa hewa, udongo uleule hutoka mweusi. Anayetaka kujua ni vya kabila gani hatapata jibu.

Wangechi Mutu naye, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1972, alisoma Wales, kisha Marekani. Kwa miaka mingi hakuweza kuja nyumbani kwa sababu ya karatasi za uhamiaji. Wenye watoto ughaibuni wanaijua hali hiyo. Katika miaka hiyo alikata picha za magazeti na za vitabu vya utabibu, akazibandika hadi vipande vikawa mwanamke mmoja. Mwaka 2019 sanamu zake nne za shaba, wanawake walioketi, ziliwekwa mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, katika nafasi zilizokuwa tupu tangu 1902. Siku hizi anafanya kazi huko na Nairobi pia.

Lakini kuhama si ndege tu. Mwanamke wa Kigusii haolewi katika ukoo wake. Kila bibi harusi huhamia kwa watu wengine. Anayejua kusuka ekee huenda na mkono wa mama yake, na huko akakuta mkono wa mama mkwe. Kikapu kinachotoka hapo ni cha nani?

Na kule Tabaka, kwa kawaida wanaume huchonga jiwe, wanawake hulisugua na kuliosha. Mng'ao ule ambao mgeni huupenda dukani ni jasho la mama. Mara nyingi chini ya sanamu huwa pameandikwa "Kenya" tu.

Odundo pia husugua. Mwaka 2020 Uingereza ilimpa heshima ya Dame, na popote chungu chake kinapowekwa, jina lake huandikwa kando yake.