Kupunguza Unene kwa Hesabu na kwa Mwendo



Mazungumzo yetu ya leo ni habari ya unene uliopita kiasi, na jinsi mtu awezavyo kuupunguza pole pole bila kujitesa kwa njaa. Nasema uliopita kiasi, maana sina ugomvi na mtu aliyenawiri. Katika nchi zetu mwili wenye nyama umehesabiwa tangu zamani kuwa dalili ya neema, na mwenye kitambi huitwa bosi hata kama mfukoni hana senti. Lakini madaktari wanatueleza ya kuwa unene ukizidi huandamana na kisukari, na shinikizo la damu, na maumivu ya magoti. Na maradhi hayo hayakai tena kwa matajiri wa mijini peke yao. Yamefika kwa mwalimu, kwa fundi cherehani, kwa mama auzaye vitumbua na kwa dereva wa lori. Wote hawa hufanya kazi mchana kutwa, tena kazi ya kuchosha, lakini huifanya hali wameketi.

Basi tuanze na chakula. Chakula ni kuni za mwili. Kila kitu tulacho kina moto ndani yake, na moto huo hupimwa kama vile kitambaa kipimwavyo kwa mita. Kipimo chake huitwa kalori, nayo ni kiasi cha moto utoshao kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa digrii moja. Wenye elimu huiita kilokalori, na juu ya makopo ya dukani utaiona imeandikwa kcal. Ni kitu kile kile.

Vipimo hivi havikubuniwa tu. Katika miaka ya 1890 mwanakemia mmoja wa Marekani, jina lake Wilbur Atwater, pamoja na wenziwe, walijenga chumba kidogo ambamo mtu aliweza kukaa kwa siku kadhaa. Humo alikula, akalala, akafanya kazi, nao wakapima moto wote uliotoka mwilini mwake. Wakaona ya kuwa hesabu ya mwili hailali: moto unaoingia kwa chakula, ama hutumika, ama huwekwa akiba. Kwa kazi ya bwana huyo twajua ya kuwa gramu moja ya wanga au sukari hutoa kalori 4, gramu ya protini 4 vile vile, na gramu ya mafuta 9.

Hapo penye 9 ndipo penye mambo. Watu wengi husingizia ugali. Mtu akinenepa, huambiwa, “Acha ugali.” Sasa chukueni kalamu. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori 360 hivi. Vijiko 3 vya kulia vya mafuta ya kupikia, kiasi cha gramu 40, navyo vina kalori 360. Ugali huonekana, umekaa sahanini kama kilima. Mafuta yamejificha mchuzini, wala hakuna anayeyahesabu. Tazameni na chapati. Ikiwa imefanywa kwa unga gramu 60 na mafuta gramu 15, unga hutoa kalori kama 215 na mafuta 135, jumla 350. Anayekula 3 asubuhi amekwisha kula zaidi ya kalori 1,000 kabla ya jua kupanda. Tena kuna chai. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4, yaani kalori 16. Vijiko 3 kwa kikombe, vikombe 3 kwa siku, huwa karibu kalori 150, na wanywaji husema hawakula kitu, wamekunywa chai tu.

Mtu mzima afanyaye kazi ya kuketi hutumia kwa siku kalori 2,200 mpaka 2,500 akiwa mwanamume, na 1,800 mpaka 2,000 akiwa mwanamke, kwa kadiri ya umbo na umri wake. Mkulima ashikaye jembe huhitaji zaidi sana. Mtu aliyetoka shambani akaingia ofisini, kisha akaendelea kula chakula cha jembe, ndiye anenepaye kwa kasi.

Sasa mtu atasema, “Nitakumbuka kichwani, sina haja ya kuandika.” Kichwa si karani mwaminifu. Mwaka 1992 madaktari wa New York waliandika habari za watu 10 wanene walioapa ya kuwa wanakula kidogo sana, wala hawapungui. Wengi wangesema watu hao wana mwili wa ajabu. Madaktari walipowapima kwa vyombo vyao, wakaona miili yao haina ajabu yoyote: walikuwa wanakula karibu mara mbili ya kile walichosema. Nami sidhani kuwa walikuwa waongo. Tonge la kuonja jikoni, mabaki ya mtoto, karanga za njiani, hayo yote mtu huyala bila kujua kwamba amekula. Kwa hiyo daftari ni la lazima. Andika mara baada ya kula, si usiku. Penseli na daftari la shule yatosha. Mwenye simu ya kisasa na aandike humo, mradi aandike kila kitu.

Lakini sisi hula katika sinia moja, nani atajua matonge yake? Hapa mpishi ndiye karani mkuu. Apime unga kabla haujaingia sufuriani. Kilo moja ya unga ni kalori 3,600; walaji wakiwa 6, ni kama 600 kwa kila mmoja. Mafuta gramu 90 katika mchuzi ni kalori 810, yaani 135 kwa mlaji. Si hesabu ya dhahabu, maana mmoja ana mkono mwepesi na mwingine mzito, lakini yatosha. Anayetaka uhakika zaidi apakuliwe sahani yake, akae na wenzake pale pale. Na ukiwa mgeni, huwezi kumwambia shemeji yako aliyetoka jasho jikoni kwamba wewe unahesabu kalori. Kula kidogo, msifu, kaandike jioni.

Apunguze kiasi gani? Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori 7,700 hivi. Mtu akipunguza kalori 500 kila siku, itamchukua siku 15 au 16 kuimaliza kilo moja. Huo ndio mwendo ufaao, karibu nusu kilo kwa juma. Katika siku za kwanza mizani huweza kushuka kilo 2 au zaidi, na mtu hufurahi sana. Lakini sehemu kubwa yake ni maji, kwa kuwa mwili huweka akiba yake ya wanga pamoja na maji, na wanga ukitumika maji hutoka. Wauzaji wa dawa za kupunguza tumbo kwa siku 7 huishi kwa maji hayo. Baada ya miezi kadhaa mwendo hupungua, maana mwili mwepesi hutumia kalori chache kuliko mwili mzito. Asidhani amerogwa, afanye hesabu upya kwa uzito wake mpya.

Na wenye haraka wasikie habari ya Minnesota, huko Marekani. Mwaka 1945 vijana 36 wenye afya walijitolea kula, kwa muda wa miezi 6, kama nusu ya chakula walichozoea, ili wataalamu wajue njaa humfanya mtu nini. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Lakini wakawa wanyonge na wenye huzuni, mawazo yao yote yakawa juu ya chakula, hata wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Walipofunguliwa, wengi walikula bila kujua kushiba.

Tumekuja kwenye mazoezi, na hapa watu hutegemea mno. Kutembea kilometa moja humgharimu mtu wa kilo 70 kalori 50 tu au karibu yake. Chapati ile moja ni safari ya kilometa 7! Hapa kwetu Afrika Mashariki tuna ushahidi mwingine. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kaskazini ya Tanzania, huishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, nao hutembea sana kila siku. Mwaka 2012 wataalamu wakiongozwa na Herman Pontzer walitangaza ya kuwa, ukilinganisha ukubwa wa miili, Wahadzabe hawakutumia kalori nyingi kwa siku kuliko watu wa Marekani na Ulaya. Mwili uliozoea mwendo hubana matumizi mahali pengine.

Je, tukae vitini basi? La, hasha. Huko London, Jeremy Morris na wenzake walionyesha mwaka 1953 ya kuwa wakata tiketi wa mabasi ya ghorofa, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva walioketi. Basi lilikuwa moja, moshi ule ule. Tena mtu apungukiwaye uzito bila mazoezi hupoteza nyama ya misuli pamoja na mafuta. Kwa hiyo tembea kwa haraka nusu saa, siku 5 za juma. Teka maji, lima bustani, panda ngazi. Yafaa liwe jambo la kila juma, maana mazoezi ya mwezi mmoja hayawekwi akiba.

Uzito upimwe mara moja kwa juma, asubuhi, kabla ya chai, juu ya mizani ile ile. Wenye nyumba waambiwe mapema, kwa sababu majirani wakimwona mtu apungua husema ana maradhi, au ana madeni, au nyumbani kwake hakukaliki, na maneno hayo yamewarudisha wengi kwenye sufuria.

Mama mjamzito au anyonyeshaye asianze jambo hili, wala mtoto asianzishiwe, bila shauri la daktari. Na atumiaye sindano au vidonge vya kisukari amwone daktari wake kwanza, kwa kuwa chakula kikipungua na dawa isipunguzwe, sukari ya damu huweza kushuka hata akazimia.