Rangi Si Shahidi



Nimekuja na bakuli la maji na konzi ya pilipili manga niliyoinunua leo asubuhi. Nyanya yangu aliishi hapa Mji wa Kale wa Mombasa maisha yake yote na maabara hakuijua, lakini pilipili manga zikiletwa nyumbani alizimwaga majini kwanza. Zilizozama alizianika, zilizoelea alizitupa. Alihofia mbegu za papai zilizochanganywa humo: zikikauka hukunjamana, zikawa nyeusi, na macho yakadanganyika. Ila ni nyepesi.

Kipimo chake ni kizuri, lakini kina mpaka. Pilipili changa iliyo tupu ndani nayo huelea. Na zikishasagwa, hakuna cha kuelea wala kuzama. Hapo twaiuliza kemia. Pilipili manga ina piperini, kiini cha ukali wake, ambayo Hans Christian Ørsted aliitenga mwaka 1819. Kuikuta tu hakutoshi, kwani hata unga uliochanganywa unayo. Yatupasa tumtafute mgeni: mbegu ya papai ina glukosinolati, ndugu ya zile za haradali, na ndiyo maana ukiitafuna yakuwasha puani. Pilipili manga haina.

Kesi iliyonifunza zaidi haikutoka pwani hii. Kuna beri za misitu ya Ulaya, bilberi, ambazo dondoo lake huuzwa ghali kama dawa kwa ajili ya anthosianini, rangi zilezile zinazotia zambarau wino wake. Wanunuzi walizoea kupima wekundu: unapitisha mwanga kwenye kimiminika, unaangalia kiasi kilichonyonywa, unaandika asilimia. Mwaka 2006 wanasayansi walichapisha habari za dondoo lililofaulu kipimo hicho vizuri sana. Walipolipitisha kwenye kromatografia, inayotenganisha kila kiambato na mwenzake, anthosianini za kweli zilikuwa chini ya nusu ya zilizodaiwa. Wekundu uliobaki ulikuwa amaranthi, rangi ya kiwandani ambayo Marekani iliipiga marufuku mwaka 1976, wengi wenu mkiwa hamjazaliwa.

Tazameni ujanja huo. Tapeli hakukibahatisha kipimo. Alikisoma, kisha akakipa kilichokitaka. Bilberi ina anthosianini 15: viini vitano, kila kimoja na sukari tatu za kuchagua. Kuiga wekundu ni kazi ya kijiko kimoja. Kuwaiga ndugu 15, kila mmoja kwa uwiano wake, ni ghali kuliko kununua beri zenyewe.

Pilipili kali nayo, kwa wataalamu wa mimea, ni beri, msinicheke. Mwaka 2003 Ufaransa iligundua ndani ya unga wa pilipili hiyo Sudan I, rangi ya kutilia nta na mafuta ya viwandani. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani bidhaa zaidi ya 400 kwa sababu ya unga mmoja uliotiwa kwenye sosi moja, nayo sosi ikatiwa kwingineko. Msijaribu kuinasa kwa mafuta ya kupikia: Sudan huyeyuka humo, na wekundu halali wa pilipili pia huyeyuka humo. Inataka mashine inayopima uzito wa molekuli, na ya Sudan I ni 248.

Na mabuyu yetu je? Hayo nayatetea. Hakuna mtoto wa Mombasa asiyejua kuwa ubuyu ni mweupe, na kwamba wekundu umetiwa jikoni pamoja na sukari na iliki. Aliyeambiwa hakudanganywa. Swali langu kwa mpishi ni moja tu: rangi uliyotia ni ya kuliwa?

Turudi kwenye bakuli. Zimeelea saba. Tatu nimezipasua hapa mbele yenu, ni pilipili changa, tupu ndani. Nne sijazigusa, kesho zaingia maabara.