Kilichotelekezwa Hakijafa: Mafunzo ya Kipikipiki Kikuukuu



Himdi na shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, dada zetu na wazazi wetu. Katika mwezi huu mmezoea kusikia juu ya nguzo za saumu, zaka ya fitri na Lailatul Qadr. Leo tutazungumza juu ya kipikipiki. Naam, kipikipiki! Kile kidogo cha kizamani, kilichokaa stoo miaka ishirini, kimeshika kutu na kuku wametagia juu ya kiti chake. Vijana wengi siku hizi wanapenda kuvifufua vitu kama hivi. Ni kazi nzuri ya mikono, ni bora kuliko kukaa barazani kusengenya watu mpaka magharibi. Lakini ina taratibu zake, na taratibu hizo, mtu akizitazama vizuri, zina mafunzo kwa mfungaji.

KIPIKIPIKI CHENYEWE

Tuchukue mfano wa kipikipiki mashuhuri kuliko vyote, Honda Monkey. Asili yake ni chombo cha kuchezea watoto. Mwaka 1961 kampuni ya Honda ilitengeneza vipikipiki vyenye magurudumu ya inchi 5 tu kwa ajili ya kiwanja chake cha michezo cha Tama Tech, huko Tokyo, Japani. Mtu mzima akikipanda, magoti yanatokeza huku na huku, basi kikapata jina hilo la kima. Watu wakakipenda. Mwaka 1968 kikaingia Marekani kile kiitwacho Z50A, chenye magurudumu ya inchi 8. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 49, au kama wenyewe mnavyosema, sisi 49. Pistoni yake ina upana wa milimita 39, yaani ni ndogo kuliko kikombe cha kahawa chungu.

Huenda hujawahi kukiona. Lakini injini yake ni ya ukoo mmoja na Honda Super Cub iliyotoka mwaka 1958, ile "Honda hamsini" ambayo wazee wengi wanaikumbuka. Kufikia mwaka 2017 pikipiki za ukoo huo wa Super Cub zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100 duniani, na viwanda vya China vimeiga umbo la injini yake. Kwa hiyo utakalojifunza kwenye kimoja litakufaa kwenye vingi. Na sisi Kenya, tangu serikali ilipoondoa ushuru wa pikipiki ndogo mwaka 2008 na bodaboda zikajaa, hakuna mtaa usio na fundi. Msaada uko karibu.

KWANZA: NI CHA NANI?

Kabla hujashika spana, uliza swali hili. Kile kipikipiki kilichoko stoo kwa marehemu babu si chako kwa sababu wewe ndiye uliyekikuta. Si chako pia kwa sababu wewe ndiye mwenye ufundi. Mtu akifa, alichoacha ni mirathi, baada ya kulipwa madeni yake na kutekelezwa wasia wake. Hata kama ni chuma chenye kutu, shangazi yako ana fungu lake humo.

Vijana wengi hulichukulia jambo hili kwa wepesi. "Ah, si kilikuwa kimetupwa tu!" Kisha kikishang'aa na mnunuzi akatokea na pesa nzuri, ndipo ndugu wanapoanza kutazamana kwa jicho baya. Basi waulize warithi mapema. Wakikupa, washukuru. Wakitaka ukinunue, kubalianeni bei mbele ya mashahidi, na andikeni. Na kama umekinunua kwa mtu wa nje, omba kitabu cha gari, ulinganishe namba ya fremu na ya injini na zilizoandikwa humo. Mali ya wizi haihalaliki kwa kupakwa rangi mpya.

PILI: BREKI KABLA YA MOTO

Sasa kipikipiki ni chako. Kijana wa kawaida anafanya nini? Anatia petroli, anapiga kiki. Anataka kusikia mlio! Mimi nakwambia, usikiwashe chombo ambacho huwezi kukisimamisha.

Anza na magurudumu. Fungua uone zile pande mbili zinazobana ngoma ya breki kwa ndani. Kama zimeisha, zimepasuka au zimelowa grisi, tafuta nyingine. Na vumbi lililomo usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake huharibu mapafu. Lipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha kitambaa hicho ukitie mfukoni mwa plastiki ukitupe. Waya wa breki uliokatika uzi hata mmoja, badilisha.

Tairi nazo, hata kama bado zina meno, mpira ukikaa miaka hukauka na kupasuka ubavuni. Hapa kuna mtego. Tairi ya inchi 8 ya kipikipiki hiki huandikwa 3.50-8, na namba hiyo hiyo utaikuta kwenye tairi nyingi za wilibaro. Dukani utaambiwa, "Chukua hii, ni rahisi, inaingia." Kuingia inaingia, lakini haikutengenezwa kwa mwendo wa barabarani. Tuna vijana wangapi tuliowazika kwa sababu ya ajali za pikipiki? Usiokoe shilingi mia chache ukamliza mama yako.

Na hapa ndipo kwenye fundisho la saumu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa saumu ni ngao, na kwamba mfungaji akitukanwa na aseme kuwa amefunga. Hiyo ni nini kama si breki? Ulimi una breki, jicho lina breki, mkono una breki. Mtu mwenye nguvu nyingi na hana breki ni hatari kwake mwenyewe na kwa wapita njia.

TATU: USILAZIMISHE

Injini iliyolala miaka mingi, pistoni yake huenda imeshikana na silinda. Ukiruka juu ya kiki kwa hasira utavunja meno ya gia au utapinda kitu. Toa plagi. Mimina ndani ya tundu lake mafuta mepesi kiasi cha vijiko viwili vya chai, uache yalale usiku kucha. Kesho yake jaribu kuizungusha taratibu kwa mkono. Ikikataa, ongeza mafuta, ngoja tena. Huenda ikachukua siku tatu, huenda wiki. Ikiwa haikusogea kabisa, basi injini ifunguliwe na fundi, na hapo pia hukupoteza kitu.

Wazazi, neno hili ni lenu pia. Kuna kijana katika nyumba ambaye hajauona msikiti tangu Ramadhani iliyopita. Leo amekuja mwenyewe, amekaa safu ya nyuma. Usimrukie kwa maneno mbele ya watu, "Leo ndio umekumbuka?" Huko ni kupiga kiki injini iliyoshikana. Mpe salamu, mpe tende, mpe muda.

NNE: NDANI KABLA YA NJE

Wengine huanza na rangi na kromiamu. Kinang'aa kama cha dukani, lakini hakiwaki. Safisha ndani kwanza.

Petroli ikikaa muda mrefu, sehemu yake nyepesi hupaa, ikabaki gundi ya kahawia yenye harufu kali kama vanishi. Ile petroli ya zamani itoe yote kwa kufungua mpira chini ya tangi. Usiinyonye kwa mdomo! Ni sumu wakati wowote, na mchana wa Ramadhani ndio balaa mbili. Kazi hii ifanywe nje, penye hewa, mbali na jiko. Saa za kukaanga sambusa si saa za kufungua tangi.

Kama tangi lina kutu, na hewa yetu ya chumvi huku Pwani haina huruma, toa koki yake, ziba tundu, jaza siki ulaze siku moja au mbili. Tia na nati chache ndani utikise ili zikwangue. Kisha suuza kwa maji yenye magadi ili makali ya siki yaishe, kausha mara moja, na upitishe mafuta kidogo ndani, la sivyo kutu itarudi kabla ya daku. Zihesabu nati unapozitoa.

Kabureta ifungue juu ya sinia ili visirukeruke vidude vyake. Ndani kuna vitundu vyembamba vya shaba vinavyopitisha petroli. Vikiziba, injini haipati riziki yake. Visafishe kwa dawa ya kabureta na hewa ya pampu. Ukilazimika kuchokoa, tumia uzi mmoja wa waya wa umeme, kwa sababu ni laini. Usitumie sindano wala waya wa chuma, utapanua tundu, na vipimo vyote vitaharibika.

Halafu moto wa plagi. Pikipiki nyingi za zamani kama hii huchoma kwa pointi zilizo nyuma ya gurudumu la sumaku. Pointi zikikaa huota utando, umeme haupiti. Zisugue taratibu kwa msasa laini kabisa, zipanguse, kisha useti nafasi yake kati ya milimita 0.3 na 0.4. Ya plagi ni 0.6 hadi 0.7. Valvu, injini ikiwa baridi, ni 0.05. Ni vipimo vidogo mno, jicho haliwezi, yataka kile kipimo chenye majani membamba ya chuma. Kitu kidogo kama unene wa unywele ndicho kinachoamua kama chombo kitakwenda au la. Na sisi twajua kutoka mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba mwilini mna pande la nyama ambalo likitengenea mwili wote hutengenea, nalo ni moyo. Kanzu mpya ya Idi haifiki huko.

TANO: KUWASHA

Mwaga oili nzee, tia mpya ya pikipiki. Oili ya gari wakati mwingine ina dawa za utelezi zinazofanya klachi iteleze, maana klachi ya injini hii huogelea ndani ya oili hiyo hiyo. Piga kiki mara kadhaa bila plagi ili oili ipande juu. Rudisha plagi, tia petroli mpya kidogo, vuta choki, ndipo sasa, Bismillahi, piga kiki.

Kikiwaka kitatoa moshi, usishtuke. Ni yale mafuta uliyomimina. Ukiendelea baada ya dakika nyingi, huenda ringi zimekwisha. Usikivutie resi kuwaonyesha watu. Acha kinguruma chenyewe, tazama kama kinavuja, kisha zima. Na muda wa kujaribu uchague. Ekzosi kuukuu inapiga kelele, na jirani aliyetoka tarawehe, au mwenye mtoto mchanga, au asiyekuwa Muislamu na kesho aenda kazini, wote wana haki juu yako.

Kama wataka kukitembeza barabarani, leseni, namba na bima si hiari. Sheria yetu yamtaka mwendeshaji avae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Kisipokuwa na karatasi, kiendeshe uwanjani kwa idhini ya mwenyewe. Na gharama uzipange. Pesa ya futari ya nyumbani isiende kununua vioo vya pembeni.

BAADA YA MFUNGO MOSI

Ndugu zangu, nimeacha la muhimu mwisho. Ni kitu gani kilichokiharibu kipikipiki hiki? Hakikugongwa. Hakikuungua. Kiliegeshwa tu. Mwenyewe alisema, "Nitakiwasha wiki ijayo," na wiki ikawa miaka. Petroli ikakauka, maji ya hewani yakaingia, mpira ukapasuka. Kuachwa ndiko kulikokiua.

Basi ukikifufua leo kwa jasho lote hilo, kisha ukakirudisha stoo na petroli yake ndani ya kabureta, mwakani utaanza upya. Dawa yake ni ndogo sana. Kiwashe kila wiki, kizunguke kidogo mpaka kipate joto. Ukisafiri muda mrefu, funga koki uache kiungue mpaka kizime chenyewe, kabureta ibaki kavu.

Misikiti yetu sasa imejaa. Safu zinafika barabarani. Tunaijua habari ya siku ya tatu baada ya Idi. Mwezi mzima tumesafisha tangi, tumesugua pointi, tumeseti valvu, kisha tunaegesha miezi kumi na moja. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, hata ikiwa chache. Sikwambii usome juzuu nzima kila siku mwaka mzima. Nakwambia ukurasa mmoja baada ya Alfajiri. Nakwambia swala moja ya jamaa kila siku kama tano zimekushinda kwa kazi, ukipanda polepole. Zile sita za Shawwal. Simu moja kwa mama. Kitie moto kila wiki, usingoje kishike kutu.

Na wewe uliyeachwa miaka mingi, au uliyejiacha mwenyewe, ukidhani huna faida tena, jua kwamba chuma kilicholala kikipata mkono wenye subira huwaka. Wewe una Mola mwenye rehema kuliko fundi yeyote, na mlango wa toba haujafungwa.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na swala zetu, awalinde vijana wetu barabarani, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tudumu baada ya Ramadhani kama tulivyo ndani yake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.