Kabla ya Kununua Mota Mpya ya Dishi, Kagua Kihisi

Mazungumzo kwa mafundi vijana na wakazi wa Kaunti ya Kilifi



Kaunti hii si ngeni kwa mambo ya anga. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni. Madishi ya kituo cha Ngomeni hugeuka kufuata setilaiti zinazopita angani. Dishi linalogeuka, liwe la kituo kikubwa au la nyuma ya nyumba, huhitaji vitu viwili: mota ya kulisogeza na kihisi cha kueleza limefika wapi. Mota bila kihisi ni sawa na mtu mwenye nguvu aliyefungwa kitambaa machoni.

Setilaiti nyingi za televisheni hukaa juu ya ikweta, takriban kilomita 35,786 kutoka ardhini, zikiwa zimepangana mashariki hadi magharibi. Dishi lenye mota huinama upande mmoja au mwingine kuitafuta inayotakiwa. Dishi la upana wa mita 1.8 likikosea kwa nyuzi mbili tu, picha hupotea.

Mota ya kawaida ya dishi la nyumbani ina mkono unaorefuka na kufupika. Waya nne huiunganisha na kisanduku cha kuiendesha. Mbili nene hupeleka umeme wa mota, mara nyingi volti 36. Mbili nyembamba ni za kihisi. Ndani ya mota, sumaku ndogo huzunguka mbele ya swichi iliyo ndani ya kichupa cha kioo. Kila inapopita, swichi hufunga na kufungua, na kisanduku huhesabu pigo moja. Kwa hesabu hiyo hujua dishi liko wapi.

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Mota inapowashwa lakini mapigo yasifike, kisanduku huikata baada ya sekunde chache ili isiungue. Mwenye dishi huona mota imesogea kidogo ikasimama, akaambiwa imekufa, akanunua nyingine. Kumbe uliokatika ni waya mwembamba wa kihisi, au umeliwa na kutu ya hewa ya bahari.

Fundi mwangalifu huanza kwa kuchomoa kisanduku kwenye umeme. Kisha hutenganisha waya zote nne, huiendesha mota polepole kwa betri ya volti 12, na kuweka mita kwenye waya za kihisi. Mita ikionyesha kufunga na kufungua kwa zamu, kihisi ni kizima; kosa litafutwe kwenye waya au kisanduku. Isipobadilika ilhali mota inazunguka, kibovu ni kihisi, nacho kinaweza kubadilishwa peke yake.

Katika kuunganisha, waya za mota zisiguse kamwe sehemu za kihisi, kwani volti 36 huunguza swichi hiyo. Waya za kihisi zikiwa na kinga ya chuma ni bora, kwa sababu kelele ya umeme wa mota huweza kuongeza mapigo ya uongo, na dishi likapotea njia. Swichi za mwisho, zinazozuia mkono kupita kiasi, zirekebishwe kabla ya dishi kuzungushwa mara ya kwanza. Tundu la kutolea maji lielekee chini, na mpira unaofunika mkono ukipasuka ubadilishwe kabla ya mvua za masika.

Kwa hiyo, fundi akisema mota imekufa, mwenye dishi amwulize swali moja: kihisi kimepimwa? Jibu lake laweza kuokoa bei ya mota nzima.