Kuruta Huandaliwa Nyumbani

Mazungumzo kwa wazazi, walezi na wahitimu wa kidato cha sita wa Kilwa na pwani ya Lindi



Kila mwaka, mtihani wa kidato cha sita unapomalizika na pepo za kusi zinapoanza kushika, Jeshi la Kujenga Taifa hutangaza majina ya wahitimu wanaotakiwa kuripoti makambini kwa mujibu wa sheria. Katika pwani hii, tangu Kivinje na Masoko hadi Lindi mjini, tangazo hilo hufika wakati mgumu. Ni msimu wa ufuta. Mashambani kila mkono unahitajika, na fedha ya mnada bado haijaingia nyumbani. Kijana hutafuta jina lake akaona amepangiwa Bulombora mkoani Kigoma, au Mafinga mkoani Iringa, au Rwamkoma mkoani Mara. Mama yake, ambaye pengine hajapata kuvuka daraja la Mkapa pale Rufiji, huuliza swali moja tu: huko anakopelekwa mwanangu, nani atamtazama?

Swali hilo ni la haki, wala halistahili kujibiwa kwa kicheko au kwa maneno matupu ya ushujaa. Mzazi anayeuliza hivyo hapingi taifa. Anauliza jambo ambalo wazee wake waliliuliza kabla yake, tena kwa machozi.

Kwa mtu wa pwani hii, neno askari halikuanza kwa jambo la heri. Kilwa Kivinje ndiko Wajerumani walikomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, kwa kuwa alikataa utawala wao. Miaka 10 baadaye, mwaka 1905, Vita vya Maji Maji viliripuka katika milima ya Umatumbi, na askari wa mkoloni wakachoma vijiji na vyakula hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Tena mwezi Oktoba 1917, huko Mahiwa, bara kidogo kutoka Lindi, askari Waafrika waliuana siku kadhaa mfululizo, hawa wakiwa chini ya Wajerumani na wale chini ya Waingereza, katika ugomvi usiokuwa wao. Jeshi lilikuwa kitu kinachokuja kuchukua. Lilichukua chakula, likachukua wapagazi, likachukua watoto wa kiume, na halikutoa hesabu kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo Tanganyika ilipopata uhuru, hapana budi swali moja lilikuwa linangoja jibu: jeshi ni la nani? Mwezi Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, na ikadhihirika kuwa jeshi lililorithiwa kwa mkoloni halikuwa bado la wananchi. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Lakini jiwe la msingi lilikuwa limekwisha kuwekwa mwaka mmoja kabla, tarehe 10 Julai 1963, Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanzishwa kutokana na fikra za Umoja wa Vijana wa TANU. Shabaha yake ilikuwa kwamba kijana ashike jembe na bunduki kwa mikono ile ile, akae hanga moja na mwenzake wa kabila jingine na dini nyingine, na ajue kuwa ulinzi wa nchi si kazi ya watu wa kukodi.

Haikuwa rahisi. Serikali ilipoamua mwaka 1966 kwamba wasomi nao watumikie taifa kwa muda wa miaka miwili, sehemu ya muda huo wakiwa kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara wao, tarehe 22 Oktoba mwaka huo wanafunzi waliandamana jijini Dar es Salaam, na baadhi yao wakathubutu kuandika mabangoni kuwa enzi za ukoloni zilikuwa nafuu. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Lakini yafaa kukumbuka na upande wa pili wa habari hiyo. Wanafunzi walikuwa wamesema pia kwamba wakubwa nao wanalipwa mno. Na Mwalimu, pale pale, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Aliyetaka vijana wajitoe alianza kwa kujitoa yeye.

Hilo ndilo fundisho la kwanza kwa wazazi wa leo. Mtoto hawezi kuandaliwa kwa maneno ambayo mwenye kuyasema hayatendi. Mzazi aliyemlea mwanawe akimwambia kwamba amesoma ili asishike jembe, asishangae mwana huyo akiona kambi ni adhabu.

Lipo fundisho la pili, nalo liko karibu zaidi na nyumbani. Nachingwea ni katika mkoa huu huu wa Lindi. Hapo Waingereza walifyeka mapori baada ya mwaka 1947 kwa ajili ya mradi wa karanga, wakatumia mamilioni ya pauni, wakashindwa na kuondoka. Katika miaka ya sitini, ardhi ile ile waliyoishindwa wenye matrekta ikawapokea vijana wa FRELIMO kutoka Msumbiji. Samora Machel aliongoza mafunzo hapo. Vijana wale walifunzwa shabaha na gwaride, na pia walilima chakula chao na kufundishana kusoma. Mwaka 1967 walifika hapo na wasichana, Josina Machel akiwa miongoni mwao, wakafunzwa silaha kama kaka zao. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Mwenye kudhani kwamba msichana wa Kilwa hawezi kwata, basi na aende Nachingwea akaulize wazee.

Leo Nachingwea ni makao ya kikosi cha 843 cha JKT. Mafunzo ya lazima kwa wahitimu yalisitishwa mwaka 1994 na yakarejeshwa mwaka 2013. Siku hizi huchukua takriban miezi mitatu. Miezi mitatu si mirefu. Hata hivyo, wapo wanaokwenda wakiwa tayari, wapo wanaokwenda wakizubaa, na wapo wanaotafuta hila ya kutokwenda kabisa. Aghalabu tofauti ya hawa watatu hupatikana nyumbani, kabla ya safari.

Na watu wa pwani hii hawahitaji kufundishwa na mgeni namna ya kumwandaa kijana. Jando na unyago vilikuwa shule. Mtoto alitengwa na mama yake, akalala pasipo anasa, akatii watu wasiokuwa wazazi wake, akarudi akiwa mtu mwingine. Lakini hakupelekwa ghafla. Wazee walikaa wakapanga, chakula kikachangwa, mtoto akapata mtu mzima wa kumweleza yatakayomkuta, na siku ya kutoka mtaa mzima ukamlaki kwa ngoma. Mbona basi kijana anayekwenda kambini aachwe ajitafutie mwenyewe, kama kwamba ni jambo lake binafsi?

Maandalizi yenyewe ni mambo manne, na hakuna hata moja linaloshinda uwezo wa kijiji.

Jambo la kwanza ni mwili. Kambini kuruta huamshwa giza likingali zito, akaanza mchakamchaka. Kisha usafi, gwaride, darasa, shamba, na pengine lindo la usiku. Mwili uliozoea kulala hadi jua kupanda hauwezi kubadilika kwa siku moja. Kijana na aanze wiki sita kabla. Adhana ya alfajiri inatosha kuwa saa yake. Aanze kwa kutembea kwa haraka, kisha akimbie kidogo kidogo, siku tatu au nne kwa wiki, katika ufukwe wa Jimbizi au barabara ya kijiji chake. Raba atakazokwenda nazo azivae mapema, maana raba mpya na malengelenge ni ndugu. Na ashike jembe. Kumsaidia baba katika ufuta ni mazoezi bora kuliko kuruka kamba uani.

Jambo la pili ni afya. Mwenye pumu, seli mundu, maradhi ya moyo au kifafa asifiche kwa kuona haya. Aende zahanati au hospitali, apate maelezo ya daktari kwa maandishi, na ayakabidhi mara afikapo. Kuficha maradhi si ushujaa, ni kuwadanganya wale wanaopewa dhamana ya uhai wake. Kadhalika wahitimu wenye ulemavu wasidhani kuwa wamesahauliwa. JKT imekuwa ikiwaelekeza kuripoti kambi ya Ruvu, kikosi cha 832, ambako kuna miundombinu ya kuwahudumia.

Jambo la tatu ni mzigo, na hapa ndipo penye uchungu. Kwa miaka ya karibuni tangazo limekuwa likimtaka kijana aje na bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni na isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba, shuka mbili, soksi ndefu nyeusi, vyeti vyake, nguo za baridi kwa anayepangiwa mikoa ya baridi, na nauli ya kwenda na kurudi. Kwa mshahara wa mkubwa hiyo si orodha ndefu. Kwa mvuvi wa Songosongo au mkulima wa Njinjo, ambaye mwanawe amepangiwa Kigoma, safari ya basi ya siku mbili au zaidi, ni mlima. Na mtoto wa Kilwa, ambaye kwake kipupwe ni wakati wa kujifunika shuka moja tu, anahitaji sweta zito kwa asubuhi za Mafinga mwezi Julai.

Yafaa kusemwa bila kificho: kijana asiyeripoti kwa kukosa nauli si mtoro. Ni mtu aliyeachwa na mtaa wake. Kijiji kinachochanga kwa ajili ya harusi, kikanunua sare na kukodi muziki, hakiwezi kusema kwamba kimeshindwa kumpa kijana mmoja sweta na tiketi. Sheria inamwita mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini kwa sauti moja. Lakini kama mmoja atapanda basi na mwingine atabaki barazani, usawa huo utakuwa umeishia katika karatasi.

Jambo la nne, lililo kubwa kuliko yote, ni moyo. Msomi atapewa amri na afande ambaye huenda hakufika darasa alilofika yeye. Ataambiwa rudia, naye atarudia. Ataulizwa kosa la mwenzake, na kombania nzima itaadhibiwa pamoja naye. Hapo ndipo elimu yake inapopimwa. Kama alifunzwa nyumbani kufua nguo zake, kuosha sahani aliyolia, kula kilichopo bila kuuliza samaki yuko wapi, na kumwamkia mfagiaji kama anavyomwamkia mwalimu wake, hatavunjika. Mzazi naye ana moyo wake wa kuandaa. Asitegemee kuisikia sauti ya mwanawe kila jioni, maana simu haina nafasi kubwa katika ratiba ya kuruta. Kimya cha wiki za mwanzo si habari mbaya.

Tena vijana wasidanganywe. JKT ni mafunzo, si cheti cha ajira. Mwaka 2021 mamia ya vijana wa kujitolea waliondolewa jeshini baada ya kugoma wakidai ajira waliyoamini kuwa wameahidiwa. Habari ile ilikuwa ya huzuni kwa kila upande. Mzazi anayemwambia mwanawe aende ili akapate kazi anampeleka na deni ambalo kambi haikuahidi kulilipa. Na amwambie kweli: atarudi na kifua, na nidhamu, na marafiki wa Kagera na wa Pemba, na ujuzi wa kulima kwa mpango. Ajira ataitafuta kama wengine, ila ataitafuta akiwa mtu aliyekwisha kujua uwezo wake.

Ndugu wazee, ndugu akina mama: wenye majahazi wanajua kuwa chombo hutiwa kalafati kingali mchangani, ufa unaoonekana katikati ya bahari umekwisha kuchelewa. Swali la mama lilikuwa, nani atamtazama mwanangu? Afande atamtazama, ndiyo. Mwenzake wa kitanda cha jirani atamtazama pia. Lakini atakayemtazama saa kumi za alfajiri, katika baridi, miguu ikiuma na hamu ya kutoroka ikimjia, ni yule aliyemlea. Sauti yake ndiyo kijana atakayoisikia.

Jeshi la zamani lilikuja Kilwa kuchukua watoto wa watu. Jeshi la nchi huru huita watoto kwa majina yao, na baada ya miezi mitatu huwarudisha. Basi mwaka huu, majina yatakapotoka, wazee wa kila mtaa na wakae barazani jioni ile ile, waandike nani amepangiwa wapi, nani ana nauli na nani hana, na wasiondoke mpaka yule wa mwisho amepata. Na siku watakaporudi, walakiwe kwa ngoma, kama walivyolakiwa wazee wao walipotoka kumbini.