Kengele ya Hatari Chuoni na Kazi ya Askari



Mto Rusizi utokapo Ziwa Kivu hupita kwanza katika bwawa la Rusizi I, ndipo ufike Rusizi II, kituo cha umeme cha Rwanda, Burundi na Kongo kwa pamoja, kilichoanza kazi mwaka 1989. Walio Rusizi II hupokea maji yaliyoachiliwa na wenzao wa juu, na habari ya maji hayo haina budi kuwatangulia. Habari ikifika pamoja na maji, hiyo si habari tena. Katika wilaya hiyo hiyo, na katika mji wa Bukavu ng'ambo ya mto, tarehe 3 Februari, 2008, tetemeko la ardhi liliua watu, wengine wakiwa kanisani katika ibada ya Jumapili. Tetemeko halipigi hodi. Lakini hatari nyingi ziwapatazo watu waliokusanyika mahali pamoja hupiga hodi, japo kwa dakika chache, na ni katika dakika hizo ambamo kengele ya hatari ina kazi.

Leo tuitazame kengele hiyo katika vyuo, kwa kuwa chuo ni mahali pagumu sana kulinda. Si kambi. Lango lake hupitisha maelfu kila siku, mabweni yake yana milango mingi, na vijana wake hawana kamanda.

Tarehe 2 Aprili, 2015, kama saa 11:30 alfajiri, watu wanne wenye silaha wa kundi la al-Shabaab walikivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, kaskazini mashariki ya Kenya. Waliwapiga risasi walinzi wa lango, wakaingia kwa wanafunzi waliokuwa katika sala, kisha wakaenda mabwenini. Watu 148 waliuawa, na kati yao 142 walikuwa wanafunzi. Askari wa jeshi na wa polisi nao walipoteza maisha. Kikosi maalumu cha polisi kilitoka Nairobi, umbali unaozidi kilometa 300, na saa nyingi zilikwisha pita kabla hakijaingia chuoni. Mapigano yalikoma usiku ulipoingia.

Ikumbukwe pia kwamba siku chache kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewatahadharisha wanafunzi wake juu ya uwezekano wa chuo fulani kushambuliwa. Habari ilikuwapo, ila haikuwa imegeuzwa amri. Kumwambia kijana kwamba kuna hatari, bila kumwambia alale wapi, apite mlango upi na ampigie nani, ni kumwongezea hofu tu.

Basi mtambo wa tahadhari hufanyaje kazi? Wengi hudhani ni king'ora juu ya paa. King'ora ni mdomo tu. Mtambo huanza kwa mtu aliyeona: mlinzi, mpishi, mwanafunzi. Taarifa yake huenda kwenye chumba kimoja kilicho na mtu wa zamu usiku na mchana. Huyo huithibitisha, na hapa ndipo mitambo mingi hukwama, kwa sababu mwenye zamu hana ruhusa ya kubonyeza, na mwenye ruhusa amelala nyumbani. Chuo cha Virginia Tech huko Marekani kilijifunza jambo hili kwa damu. Tarehe 16 Aprili, 2007, watu wawili walipigwa risasi bwenini saa 1:15 asubuhi. Barua ya kwanza ya kuwaarifu wanafunzi kwa kompyuta ilitoka saa 3:26. Na kama saa 3:40 muuaji yule yule akaanza kuua katika jengo la madarasa. Waliouawa wote walikuwa 32. Mwaka uliofuata sheria ya Marekani ilirekebishwa, ikavitaka vyuo vitoe taarifa mara tu hatari inapothibitika.

Baada ya kuthibitisha, ujumbe hutoka kwa njia nyingi kwa pamoja: king'ora, vipaza sauti, simu, redio. Njia moja haitoshi. Ujumbe wa maandishi wa simu huenda kwa namba moja baada ya nyingine, na mtandao ukielemewa huchelewa. Ule unaorushwa na mnara mara moja kwa simu zote zilizo karibu haungojani hivyo. Umeme ukikatika, king'ora kisicho na betri ni bati tu. Tena maneno yawe yameandikwa siku nyingi kabla: ni hatari gani, iko wapi, fanya nini.

Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Moto husema toka nje. Mwenye bunduki husema jifungie au kimbia. Mlio mmoja kwa mambo mawili utawatoa watu nje kwenda kwenye risasi. Siku kumi tu baada ya Garissa, alfajiri ya tarehe 12 Aprili, mlipuko wa umeme katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi uliwafanya wanafunzi waruke kutoka ghorofani, wakidhani wamevamiwa. Mmoja alikufa na zaidi ya mia wakaumia. Hapakuwa na adui hata mmoja. Na tarehe 30 Novemba mwaka huo huo, katika Chuo Kikuu cha Strathmore, zoezi la usalama lilifanywa bila wengi kujua kuwa ni zoezi; mfanyakazi mmoja alipoteza maisha na watu kadhaa wakajeruhiwa. Kwa maoni yetu, zoezi la kushtukiza ni la askari aliyekula kiapo. Mwanafunzi hufundishwa kwanza, huambiwa siku na saa, ndipo hupimwa.

Sasa tuje kwenu. Tarehe 4 Aprili, siku mbili baada ya shambulio la Garissa, waokoaji walimkuta msichana mmoja amejificha kabatini. Walimwita, akakataa kutoka. Angejuaje kuwa ni polisi? Wauaji nao walikuwa wamewaita wenzake watoke. Ilibidi aletwe mwalimu anayeifahamu sauti yake, ndipo akatoka.

Hiyo ndiyo sehemu ya mtambo ambayo hakuna mashine iwezayo kuitimiza: ishara ya kwamba hatari imekwisha. Mkuu wa kituo cha polisi na mkuu wa kambi iliyo karibu na chuo wanapaswa kuikubali pamoja na wakuu wa chuo kabla ya siku mbaya, na kuibadili kila muhula, kama neno la siri la lindo linavyobadilishwa. Wawe pia na ramani ya mabweni, funguo za akiba, na namba ya simu ya mwalimu mmoja au wawili ambao wanafunzi wanazijua sauti zao.