DAMU KATIKA MKOJO
Hotuba kwa wanachama wa Garissa



Nimeombwa niseme nanyi juu ya kansa ya figo. Nitaanza na jambo ambalo wanaume hawapendi kulitaja hata mbele ya wake zao, nalo ni damu katika mkojo.

Hapa kwetu kando ya mto Tana, mtu akikojoa damu husema upesi, "Ni kichocho tu." Au hulaumu jua na uchache wa maji. Mara nyingi kweli ni kichocho, na dawa yake ni vidonge. Lakini kansa ya figo nayo huleta damu, na ubaya wake ni kwamba damu hiyo huweza kutoka bila maumivu yo yote, kisha ikakatika kwa majuma au miezi. Mtu hudhani amepona. Basi ukimeza dawa ya kichocho na damu ikarudi, usiridhike kupewa vidonge vile vile. Omba figo zako zipigwe picha ya altrasaundi. Maumivu ya ubavu, uvimbe na kukonda bila sababu huja baadaye, pengine ugonjwa umekwisha kwenda mbali.

Sigara, unene na shinikizo la damu huongeza hatari. Na ninyi mafundi wa gereji, kuna dawa ya kuoshea grisi iitwayo trikloroethilini. Hiyo nayo huleta kansa ya figo. Msinawe nayo mikono.

Tunacho kituo cha kansa hapa Garissa, kilichofunguliwa 2022. Zamani safari ilikuwa ya Nairobi, kilometa 370 hivi. Ni neema, lakini kansa ya figo haisikii sana mionzi wala dawa za kemo za kawaida, ingawa mionzi hutuliza maumivu ikiwa imefika mifupani. Tiba yake kubwa ni kisu. Uvimbe ukiwa mdogo hukatwa wenyewe. Ukiwa mkubwa huondolewa figo nzima. Hapo ndipo watu hukimbia! Ndugu zangu, figo moja iliyo nzima yatosha. Ikiwa kansa imetapakaa, kuna vidonge na sindano za kuamsha kinga ya mwili, lakini bei yake ni kali. Toka Oktoba 2024 tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya SHA. Basi kabla hujauza mbuzi, uliza hospitali SHA italipa nini.

Sheria ya Kazi ya 2007 humpa mgonjwa aliyetumika miezi miwili si chini ya siku 7 za mshahara kamili, na siku 7 za nusu, kila mwaka. Na mwajiri akitaka kumwachisha mtu kwa kudhoofika mwili, lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanyi kazi mwenzake au mjumbe wa chama. Ukiitwa ofisini kwa ugonjwa, usiende peke yako.

Nitakaa pale nyuma baada ya mkutano. Mwenye swali la faragha anifuate.